Nilivyompokea Mgeni Ndani ya Programu Yangu

Ushuhuda huu nauandika kwa vijana wanaojifunza kuandika programu za kompyuta, na kwa wenzangu ambao wamekaa katika kazi hii muda mrefu hata wakaamini hakuna jipya la kuwabadilisha. Kwa miaka tisa niliandika programu za vyama vya ushirika vya akiba na mikopo, SACCOS kama tunavyoviita, kwa lugha moja tu, C++. Lugha hiyo niliipenda na naipenda hadi leo. Lakini kulikuwa na jambo moja nililolikataa kwa ukaidi, na ukaidi ule uliwagusa watu mfukoni. Nataka nieleze lilivyokuwa, ili asikosee mwingine pale nilipokosea mimi.

C++ ni lugha inayokompailiwa. Maana yake, msimbo unaouandika hupitishwa kwenye kompaila, ukageuzwa kuwa maelekezo ambayo mashine inayaelewa moja kwa moja. Mteja hapewi msimbo wako. Anapewa faili lililokwisha kugeuzwa, lenye kasi sana, ambalo hawezi kulifungua akausoma msimbo huo. Ukitaka kubadilisha hata namba moja, sharti urudi kwa mwandishi, mwandishi arudi kwenye msimbo wake, akompaili upya, kisha alete faili jipya. Lugha za skripti haziko hivyo. Skripti ni faili la maandishi ya kawaida linalosomwa na programu nyingine papo hapo inapofanya kazi. Unalifungua, unabadilisha, unahifadhi, basi. Mimi niliziona lugha hizo kuwa za wanaoanza. Niliamini kwamba mtu mzima katika kazi hii huandika kila kitu kwa lugha ngumu, na kwamba programu isiyokompailiwa yote ni nyumba ya udongo katikati ya nyumba za matofali.

Sasa fikiria vyama tulivyokuwa tukivihudumia. Masharti ya SACCOS hutungwa na wanachama wenyewe, na wanachama wanaweza kuyabadilisha katika mkutano mkuu. Kila chama kina mikopo yake: wa maendeleo, wa dharura, wa ada za shule, wa pembejeo. Kila mkopo una riba yake, ukomo wake na faini yake. Chama kimoja kinakopesha hadi mara mbili ya akiba ya mwanachama, kingine mara tatu. Walimu hukatwa kwenye mshahara kila mwezi. Wakulima wa alizeti hulipa wakishauza mavuno. Yote hayo niliyachonga ndani ya C++, namba kwa namba. Nilikuwa na vyama 14, na kila kimoja kilikuwa na programu yake iliyokompailiwa kivyake.

Mwaka 2016 chama kimoja cha walimu mkoani Singida kilifanya mkutano mkuu. Wanachama wakapiga kura kushusha riba ya mkopo wa dharura kutoka asilimia 1.5 kwa mwezi hadi asilimia 1, ikihesabiwa kwa salio linalobaki. Barua ikanifikia Dar es Salaam. Nikafungua msimbo, nikatafuta 0.015, nikaibadilisha kila nilipoikuta katika hesabu za mkopo ule. Nilikuta mahali panne. Nikakompaili, kazi iliyochukua zaidi ya dakika ishirini kwa laptopu niliyokuwa nayo. Nikaweka programu kwenye flashi, nikapanda basi Ubungo saa 12 asubuhi, nikasafiri karibu kilomita 700, nikafika Singida jioni. Kesho yake nikasimika toleo jipya, nikaagana na wahasibu, nikarudi nyumbani nikiwa na amani.

Mahali pa tano sikupaona. Katika hesabu ya mwanachama anayetaka kumaliza mkopo kabla ya muda, miaka kadhaa nyuma, niliandika 1.5 / 100 badala ya 0.015. Kwa mashine ni kitu kimoja. Kwa jicho linalotafuta 0.015 ni kama hakipo.

Ilipita miezi mitatu. Akaja mwalimu mstaafu kaunta, anataka kumaliza mkopo wake. Salio lilikuwa shilingi 2,000,000. Mashine ikasema riba ya mwezi ule ni 30,000. Mzee akafungua kaunta buku aliyokuja nayo kwapani, akaonyesha hesabu aliyoipiga kwa kalamu: 20,000. Karani akamwambia mashine haikosei. Mzee hakubishana naye. Alikaa kwenye benchi na daftari lake mapajani mpaka mhasibu mkuu alipofika, na mhasibu mkuu, mama wa makamo aliyefundisha hisabati kabla ya kuhamia kwenye vitabu vya fedha, akapiga ile hesabu upya. Kisha akanipigia simu.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Nina mzee hapa mbele yangu na daftari lake. Hesabu yake nimeirudia mara mbili, iko sawa. Isiyokuwa sawa ni programu yako."

Nikamwomba radhi. Nikamwambia nitarekebisha na nitafika wiki inayofuata.

"Wiki inayofuata? Kilichokosewa ni namba moja. Nielekeze ilipo niibadilishe mimi."

"Haiwezekani, mama. Imo ndani ya programu."

Alinyamaza kidogo. Kisha akasema kwa upole, na upole wake ndio ulioniumiza: "Sheria hii ni ya kwetu, mwanangu. Tumeipigia kura sisi. Kwa nini umeifungia kwako?"

Sikuwa na jibu. Tulipokagua, tulikuta wanachama 11 waliomaliza mikopo yao kabla ya muda wametozwa zaidi ya walichopaswa. Wote walirudishiwa fedha zao, na mimi nilisafiri hadi Singida kuomba radhi mbele ya bodi. Bodi ilinipokea vizuri. Lakini swali la yule mama nilipanda nalo basi la kurudi, na halikuniacha njia nzima.

Wiki ile nilianza kutafuta namna wengine wanavyoishi na programu ambazo sheria zake hubadilika kila mara. Jibu la kwanza nililikuta ndani ya kompyuta yangu mwenyewe. Nilikuwa nikitumia Nmap kukagua mitandao ya maofisi tuliyoyahudumia. Nmap imeandikwa kwa C na C++, lakini ndani yake imepachikwa lugha ya skripti iitwayo Lua, ili mtumiaji aongeze ukaguzi wake bila kugusa kiini cha programu. Nikaona Wireshark, programu ya kuchunguza mitandao, nayo imepachikwa Lua. Redis, hifadhidata iliyoandikwa kwa C, imeipokea Lua tangu toleo la 2.6 la mwaka 2012. Hata michezo ya kompyuta: Grim Fandango ya mwaka 1998 ilitumia Lua, na World of Warcraft inawaruhusu wachezaji waandike nyongeza zao kwa lugha hiyohiyo. Wazo lenyewe ni la zamani zaidi. Emacs, kihariri cha maandishi, ina kiini cha C na juu yake Lisp, na John Ousterhout alipokuwa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, mwishoni mwa miaka ya 1980, aliitengeneza lugha ya Tcl kwa kusudi la kupachikwa ndani ya programu nyingine. Watu wenye ujuzi kuliko mimi walikuwa wamekwisha kufika mahali ambapo mimi nilikuwa nakataa kwenda.

Kilichonigeuza kabisa ni historia ya Lua yenyewe. Haikuzaliwa katika kampuni kubwa ya Marekani. Ilizaliwa Rio de Janeiro, Brazili, mwaka 1993, katika Chuo Kikuu cha Kikatoliki cha mji huo, kwenye kikundi cha utafiti kiitwacho Tecgraf. Waliiunda watu watatu: Roberto Ierusalimschy, Luiz Henrique de Figueiredo na Waldemar Celes. Brazili ilikuwa imetoka katika miaka mingi ya kuzuia uingizaji wa kompyuta na programu za kigeni, na vyuo vyake vilikuwa vimezoea kujitengenezea vitu vyao. Mteja mkubwa wa Tecgraf alikuwa Petrobras, shirika la mafuta la nchi hiyo. Wahandisi wa Petrobras walijua mafuta, hawakuwa waandishi wa programu, lakini walihitaji kuzipanga wenyewe programu walizoletewa. Tecgraf wakawaundia lugha mbili ndogo, DEL na SOL. Baadaye waliona zote mbili zina upungufu wa aina moja, wakaziacha na kuunda moja badala yake. *Sol* kwa Kireno ni jua, hivyo lugha mpya ikaitwa *Lua*, mwezi.

Niliposoma hayo nilimwona mhasibu wangu. Wale wahandisi wa Petrobras walikuwa yeye. Anaijua kazi kuliko mwandishi wa programu, sheria ni zake, na aliyemzuia kuzishika ni mtu aliyezifungia mahali asipoweza kufika. Tofauti ni kwamba wale Wabrazili watatu waliwasikiliza watu wao mapema.

Kwa Kiswahili neno mwezi lina maana mbili, ule wa angani na ule wa kalenda. Kazi yetu yote ya mikopo huenda kwa mwezi. Nilianza usiku uleule.

Waswahili husema, mgeni njoo, mwenyeji apone. Sijui maneno yanayofaa zaidi kueleza kupachika lugha ndani ya lugha. Programu ya C++ ni mwenyeji: nyumba ni yake, milango ni yake. Lua ni mgeni. Inakuja kama maktaba ya msimbo wa C unayoiunganisha na programu yako, na ni ndogo ajabu; yote pamoja na maktaba zake za kawaida haifiki kilobaiti 300. Unapoita funksheni ya luaL_newstate, chumba kinafunguliwa ndani ya nyumba yako, mgeni anaingia, na yeye hajui chochote kuhusu nyumba ila kile utakachomwonyesha. Ukitaka ajue salio la mkopo, unampa salio la mkopo. Usipompa ufunguo wa kabati la fedha, kwake kabati hilo halipo duniani.

Mazungumzo kati ya mwenyeji na mgeni hupitia mahali pamoja, panapoitwa steki. Fikiria sahani zinazopangwa moja juu ya nyingine jikoni siku ya shughuli. C++ ikitaka kuuliza riba, inaweka juu ya rundo funksheni inayoitafuta, inaweka juu yake taarifa za mkopo, kisha inaita. Lua inaziondoa sahani hizo, inafanya hesabu yake, inarudisha sahani moja yenye jibu. C++ inalisoma jibu kwenye sahani ya juu, ambayo namba yake siku zote ni -1, kisha inaiondoa.

Hiyo hatua ya mwisho ndiyo niliyoisahau. Nilisoma jibu, nikaendelea, sahani nikaiacha pale. Nilipojaribu kwa mkopo mmoja kila kitu kilikwenda vizuri. Bahati njema niliweka mstari wa kuchapisha idadi ya sahani baada ya kila hesabu, na badala ya kuona sifuri kila mara nikaona 1, 2, 3, 4, namba inapanda bila kushuka. Mwongozo wa Lua unakuahidi nafasi 20 tu. Ukitaka zaidi ni lazima uombe, na usipoomba, lolote litakalotokea ni juu yako. Chama kile cha Singida kilikuwa na wanachama 1,800. Niliongeza neno moja, lua_pop, namba ikarudi sifuri. Tangu siku hiyo hakuna funksheni ninayoandika ya kuzungumza na Lua isiyohesabu sahani inapoanza na inapomaliza.

Faili la kwanza la sheria tuliliandika pamoja, mimi na mhasibu, ofisini kwake Singida. Nilikuwa nimejiandaa kumfundisha kwa siku tatu. Nilimwandikia mfano huu kwenye skrini:

function riba_ya_dharura(mkopo)
  return mkopo.salio * 10 // 1000
end

Nikamweleza kwamba maneno matatu ya Kiingereza ni ya lugha yenyewe, yaliyobaki ni yake, anaweza kuyaita atakavyo. Majina katika Lua hukubali herufi zisizo na alama juu yake, tarakimu na kistari cha chini, na Kiswahili, ukiacha ng', hakina herufi yenye alama, kwa hiyo kila neno lake la kihasibu liliingia lilivyo: salio, akiba, faini, marejesho. Alama mbili za mkwaju ni kugawanya na kubaki na namba nzima, jambo lililowezekana vizuri tangu Lua 5.3 ya mwaka 2015, iliyoleta namba kamili. Nilimweleza pia kwa nini tunazidisha kwa 10 na kugawanya kwa 1000 badala ya kuandika 0.01: kompyuta haiwezi kuihifadhi 0.01 kwa ukamilifu, na katika vitabu vya fedha hata chembe ya senti ikirudiwa mara elfu inakuwa hoja ya mkaguzi.

Akasoma ile mistari mitatu polepole. Akasema, "Kumbe ni hivi tu?" Kabla ya chai ya saa nne alikuwa ameandika mwenyewe riba ya mkopo wa ada za shule, na ya mkopo wa maendeleo yenye viwango viwili. Zile siku tatu hazikuhitajika.

Lakini ushuhuda usiotaja maanguko si ushuhuda. Wiki ya pili, chama kingine tulichokipelekea mfumo uleule kiliandika sheria zake, na mhasibu wake aliandika riba_ya_dharula, kwa *l*, kama wengi wetu tunavyotamka. C++ iliitafuta riba_ya_dharura, haikuikuta, ikapewa sahani tupu, ikaiita sahani tupu kana kwamba ni funksheni. Na mimi nilikuwa nimetumia lua_call, wito usio na kinga. Kosa linapotokea ndani ya Lua bila kinga, mgeni hana mahali pa kulirudisha, na programu nzima hufungwa. Saa tatu asubuhi, foleni imefika mlangoni, skrini za makarani wote zikazimika pamoja kwa sababu ya herufi moja.

Kosa halikuwa la mhasibu. Mtu akiandika herufi isiyo sahihi, programu iliyotengenezwa vizuri humwambia, haimwangukii. Lua ina wito wa pili, lua_pcall, ambao huweka kinga: kosa likitokea, mwenyeji anabaki amesimama na anapewa ujumbe wa kosa, na kosa likiwa ndani ya skripti, namba ya mstari pia. Nilibadilisha kila wito siku hiyohiyo. Sasa sheria ikikosewa, mkopo mmoja unasubiri, mhasibu anaona kwa Kiswahili kwamba sheria iitwayo hivi haikupatikana katika faili, na kaunta inaendelea na watu wengine.

Nilijifunza pia kufunga milango. Mwanzoni nilimpa mgeni kila kitu kwa amri moja, luaL_openlibs, na kwa amri hiyo skripti inaweza kufuta mafaili na kuendesha programu nyingine kwenye mashine. Mhasibu hana haja na hayo. Sasa skripti hupata msingi wa lugha, hisabati, maneno na majedwali, na hata katika huo msingi nimeondoa funksheni zinazofungua mafaili. Nimeweka pia kikomo cha hatua: Lua hukubali mwenyeji aisimamishe kila baada ya maelekezo kadhaa na kuuliza, umemaliza? Ikipita idadi niliyoweka, hesabu inakatwa. Skripti inayozunguka bila kikomo haiwezi tena kuisimamisha ofisi.

Hifadhidata, nywila, na kanuni kwamba kila debiti iwe na krediti yake, vyote vimebaki katika C++. Skripti hutoa jibu, haiandiki kitabuni. Jibu lenyewe hukaguliwa kwanza: riba isiyo namba, au iliyo chini ya sifuri, haipiti. Na kila faili la sheria lina tarehe ya kuanza kutumika, na la zamani halifutwi, kwa sababu mkopo uliotolewa kwa masharti ya jana lazima uweze kuhesabiwa kwa masharti ya jana.

Kitu kimoja kilibaki kunisumbua. Kompaila ya C++ hukagua aina za vitu kabla programu haijaanza. Lua hugundua kosa mstari unapofikiwa, na pengine mstari huo haufikiwi mpaka mwisho wa mwaka. Nilikuwa nimempa mhasibu kalamu, je, nilikuwa nimemwondolea mkaguzi? Jibu nililipata katika kaunta buku ya yule mzee. Nilimwomba mhasibu, kila anapoandika sheria, apige kwa mkono mifano mitano na kuiweka chini ya faili: mkopo huu, salio hili, riba iwe hivi. Programu haikubali faili jipya mpaka iipitie mifano yote na majibu yalingane. Mfano wa kwanza katika faili la chama kile cha Singida ni salio la 2,000,000 na riba ya 20,000, naye mhasibu ndiye aliyechagua uwe wa kwanza.

Kasi, ambayo kwa miaka tisa ndiyo iliyokuwa hoja yangu kubwa ya kuzikataa skripti, haikunipunguzia kitu. Ni kweli Lua ni ya polepole kuliko C++ katika hesabu tupu. Lakini katika programu kama zetu muda mwingi huliwa na hifadhidata na mtandao. Riba ya wanachama wote 1,800 ilihesabiwa kabla sijaondoa kidole kwenye kibodi. Nilikuwa nimeulinda mlango ambao mwizi hapiti.

Bunge lilipopitisha Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha mwaka 2018, na kanuni zake kwa SACCOS zikafuata mwaka 2019, vyama tulivyovihudumia vilikaa kuyapitia upya masharti yao. Zamani msimu kama huo ungekuwa miezi ya safari, flashi na usiku wa kukompaili kwa ajili ya vyama 14. Safari hiyo wahasibu waliandika sheria zao, wakapiga mifano yao, wakanitumia mafaili nisome. Programu ilikuwa moja kwa vyama vyote, na kiini chake sikukigusa.

Sisemi kila kitu kiwe skripti. Niliwahi kupita kiasi, nikahamishia kwenye Lua hata kazi ya kuandika hifadhidata, nikapata programu ambayo hakuna aliyejua tena kosa limeanzia wapi, nikalazimika kurudisha. Kipimo ninachotumia ni kumwuliza mwenye uamuzi. Jambo linaloamuliwa na mwandishi wa programu, kama namna ya kuhifadhi data salama, liandikwe katika lugha inayokompailiwa. Jambo linaloamuliwa na mkutano mkuu, au mhasibu, au daktari, au mwalimu, liandikwe mahali ambapo mwenye uamuzi anaweza kulifikia, kulisoma na kulirekebisha.

Ndugu yangu unayeanza kazi hii, nakuomba jambo dogo. Utakapojikuta unaandika asilimia, kiwango au tarehe katikati ya msimbo wako, simama. Jiulize ni nani aliyeipigia kura namba hiyo. Kama si wewe, itoe, iweke katika faili ambalo mwenyewe anaweza kulifungua, na uanze na sheria moja tu: wito mmoja, jibu moja, kwa kinga, na sahani zihesabiwe. Kisha mpigie simu mwenye sheria, umwamkie, umwambie sheria yake iko tayari kwa mkono wake.

Mwalimu yule mstaafu alirudishiwa shilingi 10,000 zake akiwa bado yuko kaunta, na mkopo wake ukafungwa siku ileile. Mimi ilinichukua mwaka mzima kumaliza kurekebisha kilichomleta.